Kisima cha Nyuma ya Soko

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza ukorofi. Mwambie mama ninakula vizuri, asisikilize maneno ya shangazi. Mimi sijambo, ila wiki hii kichwa hakijatulia, na jambo lenyewe linakuhusu wewe uliyechimba visima maisha yako yote.

Unajua kazi yangu ni kupima maji ya visima vinavyozunguka mgodi. Vitatu vilivyo jirani kabisa na bwawa la maji machafu, ukirusha jiwe linafika, vilikutwa safi. Cha nne, kilicho mbali nyuma ya soko, uani kwa mama mmoja dobi, kilikutwa na sumu ya arseniki mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Nilidhani nimechanganya chupa. Nikarudia; majibu yakawa yale yale.

Basi udadisi ukanipanda. Niliteremsha kamba ya vipimo katika kila kisima, nikalinganisha vina vya maji. Baba, juu ya ardhi mteremko unaelekea mtoni, lakini huko chini maji yalikuwa yanaelekea sokoni! Msimamizi wangu alicheka, akasema tangu lini maji yakapanda mlima. Aliyenifumbua macho ni mstaafu mmoja wa mgodi, wanamwita Tochi. Alisema chini ya soko linapita handaki walilochimba ujanani, likaachwa bila kuzibwa. Alinipeleka hadi mdomoni pake, vichakani. Nilipiga magoti nikasikia maji yakitiririka gizani: handaki lilikuwa linanyonya maji ya bwawa kama mrija. Nilishangilia kama mtoto, mpaka nikakumbuka kuna watu wanayanywa.

Sasa nikueleze nililokuwa nimewaficha wote. Mwaka jana kisima hicho cha dobi kilikuwa kwenye orodha yangu. Wingu lilikuwa limetanda, kamba niliyobeba ilikuwa fupi, nami nikajiambia kiko mbali mno na bwawa, kitakuwa na nini? Nikanakili takwimu za kisima kingine, nikaandika "salama". Mwaka mzima nyumba ile imekunywa uongo wangu.

Jumatatu nilimweleza msimamizi, naye amewaandikia wakubwa. Sijui kama kazi itabaki. Kutoka hapo nilikwenda kwa dobi mwenyewe. Alinisikiliza huku akikamua shuka lililokwisha toa maji yote zamani. Halafu akasema, "Mwanangu, shukrani sina. Shika kamba hii tuitoe ndoo kisimani, asichote mtu tena, kisha utupeleke mimi na wanangu tukapimwe." Tulikwenda siku ile ile. Majibu bado, na kila simu ikilia naikimbilia.

Kisima kipya kitachimbwa upande mwingine, mbali na handaki, na wanatafuta mtu wa kuwaonyesha pa kuchimba. Nimekwisha kukutaja kabla ya kukuomba ruhusa. Dobi aliuliza kama baba yangu naye ananakili. Nilimjibu hapana, hilo nililianzisha mimi.

Salamu kwa mama na kila aliye chini ya paa letu. Usiwasomee bado, mimi mwenyewe nitakuja kuwaambia.

Ni mimi bintiyo,
Kitinda mimba