Chupa ya Eusebio na mapeasi

Visi, unaikumbuka ile divai nyekundu ya kaka yangu Eusebio, aliyosema ataifungua siku atakapomwomba mwanawe Fermín arudi kuishi hapa Haro?

Imepikiwa mapeasi.

Mapeasi, Visi.

Leo Fermín amekuja na mkewe, na Eusebio alikuwa amejikaza amwombe. Akachoma mbavu za mwanakondoo kwa vijiti vya mzabibu, akaingia kuichukua chupa. Mkamwana yuko jikoni, anakoroga sufuria. “Baba, nimepikia ile yenye vumbi. Ile nzuri nimewawekea mezani.”

Ile yenye vumbi.

Eusebio akakaa, koleo mkononi. Mbavu zinaungua nje, mimi nimesimama tu na mkate.

Fermín akacheka. “Mzee, si divai tu? Nitakuletea nyingine.”

Eusebio akatazama sufuria, kisha akamtazama yeye.

“Sitaki nyingine. Nataka urudi nyumbani, mwanangu.”