Mkono Unaokimbia

3 Februari

Shikamoo kaka,

Mgongo umetulia? Huku tu wazima, ila kazi imenikaba koo.

Binti yako yumo darasani kwangu sasa. Kwa vitabu anawaburuza wenzake. Shida ni mikono. Nawafundisha hawa madaktari wa meno watarajiwa kuchimba jino la plastiki ndani ya mdomo wa kichwa cha bandia, wakilitazama kwa kioo kidogo. Kiooni kila kitu kimegeuka. Ukitaka kwenda mbele, mkono unarudi nyuma. Wenzake walihangaika, wakazoea. Yeye bado.

Dada yako

19 Februari

Marahaba mdogo wangu,

Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Mikono gani tena? Si huyu aliyekuwa akiwasuka wadogo zake wote? Mshike mkono, kama ulivyomshika akijifunza kuandika. Na msahihishaji wa mtihani ni wewe. Sisemi kitu. Nasema tu wewe ni shangazi yake.

Kaka yako

12 Machi

Shikamoo kaka,

Nakuombea afya. Ulichokuwa husemi nimekisikia.

Nilimshika mkono. Nilimwonyesha namna ya kuegemeza kidole cha pete kwenye jino la pembeni, mkono usielee. Nimemchongesha nta, nimemchoresha maua akitazama kioo tu. Nikimshika, mkono unatulia. Nikiuachia, unakimbia.

Jana ulikuwa mtihani wa marudio, na chuo hakitoi mwingine. Alilitoboa jino hadi upande wa pili. Akaniangalia. "Shangazi, nilikuwa naona," akasema. "Naona kabisa, mkono ukakataa."

Siku moja jino lile lingekuwa la mtu, kaka. Nimemwangusha.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Dada yako

30 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Nilinyamaza kwa hasira. Hasira imeisha, na mahali pake hapajaja kitu.

Mwanao yuko hapa nyumbani. Anakula, anataniana na wadogo zake, halafu ghafla anaigeuzageuza mikono yake kama kitu cha kuazima. Juzi tukiwa tunaanika nguo aliniuliza, "Baba, shangazi alijaribu kila kitu?"

Nikamwambia ndiyo, kila kitu. Nilidhani namfariji.

"Afadhali angebakiza kimoja," akasema, akaendelea kuanika.

Mwandikie wewe.

Kaka yako