Ubao Mmoja wa Keziah

Jumatano, 18 Februari 1789

Mke wangu Keziah amekufa. Saa ya kukamua. Kifua.

Humu daftarini alikuwa anaandika yeye. Sasa naandika mimi, mwandiko kama magogo yaliyomwagwa.

Alhamisi, 19 Februari

Ardhi imeganda. Sururu inaruka tu. Atakaa bandani, kama wote wanaokufa huku wakati wa baridi, mpaka udongo ulainike. Kaka yake, shemeji yangu Jotham, kaja tukambeba. Jeneza tumepiga kwa mbao zilizokuwepo. Bado kifuniko.

Kifuniko ndiyo shida. Mwezi uliopita aliniambia usoni: usinifunike vipande vipande, nataka ubao mmoja. Maisha yake yote kafagia sakafu ya mbao nyembamba, kisa Mfalme wa Uingereza. Msonobari ukizidi inchi ishirini na nne za upana ni wake, wa milingoti ya meli zake, hata ukiota mlangoni kwako. Nyuma ya banda ninao mmoja hivyo. Una alama yake ya mshale kwenye gome, mapigo matatu ya shoka. Ukiukata, jela. Keziah alifunga kamba ya kuanikia nguo hapo. "Angalau nishikie kamba," alikuwa anauambia.

Jumamosi, 21 Februari

Habari! Mpanda farasi kaingia kutoka Boston. Baraza Kuu la makoloni pale Filadelfia limefuta sheria ya mshale. Walipiga kura kabla ya Krismasi, theluji ndiyo imechelewesha. Makoloni yote kumi na tatu, sauti moja, hata Georgia ambao theluji yenyewe hawaijui. Mti wa shambani kwako ni wako. Kengele ya kanisa imelia mpaka mpigaji kachoka. Watu wamecheza barabarani. Na mimi nimecheka. Mke yuko bandani, nacheka.

Shemasi Leavitt kapanda juu ya pipa. Kasema mnaona faida ya kubaki pamoja chini ya Mfalme? Kama London wasingetupa hili Baraza mwaka ule wa sabini na nne, tungeshika bunduki.

Jotham kutoka nyuma: "Ungeshika wewe, Shemasi? Bata tu wanakushinda."

Mimi ningepigana na Mfalme kwa silaha gani? Nina shoka na maksai wanne. Leo kashindwa kwa watu kunyoosha mikono tu. Yangu inawasha. Silali.

Jumatatu, 23 Februari

Tumeuangusha.

Tulianza na mwanga wa kwanza. Mti mkubwa huuangushi hivihivi, ukigonga ardhi ngumu unapasuka. Tukautandikia kitanda, miti midogo na theluji juu yake. Halafu mashoka. Jotham upande ule, mimi huku.

"Piga, shemeji. Au unaogopa Mfalme atasikia?"

"Nakuogopa wewe. Shoka lako linaenda linakotaka."

Ukalia. Ukaenda polepole, polepole — halafu mti mzima kwa mara moja. Theluji ikapaa juu ya paa. Maksai wakapiga magoti. Kamba ya Keziah ikakatika, ikaenda nao. Nyuma ya banda sasa kuna mbingu. Miaka yote hii sikujua iko pale.

Jotham kakaa juu ya gogo, miguu inaning'inia, kasema nimwite Mheshimiwa Gavana. Nimemrushia theluji. Tumerushiana kama watoto, watu wazima na ndevu zetu.

Jumanne, 24 Februari

Tumekata futi saba za chini, tukapasua. Msumeno mrefu, mimi juu ya gogo, yeye chini yake, vumbi lote machoni mwake. Kanitukana mpaka mchana. Ubao wa katikati umetoka inchi thelathini na moja. Hauna fundo hata moja. Unanukia.

Nimeupigilia misumari. Unamfunika mwili wote na kuzidi.

Jumapili, 1 Machi

Kanisani Shemasi kanivuta mkono. Umekata, Zadok? Nimekata. Akafumba macho.

Kumbe Mfalme hajatia saini. Karatasi ya Baraza iko London, jibu litakuja na meli. Mpaka hapo sheria ni ileile ya zamani. Nikamwuliza, si ulipanda pipa? Kasema alituambia tushukuru, hakutuambia tukate.

"Na wewe ulicheza," Jotham kamwambia. "Vibaya, lakini ulicheza."

Wenzangu wote walicheza tu. Aliyekata ni mimi.

Jumatano, 4 Machi

Kaja. Bwana Tredick, mkaguzi wa misitu ya Mfalme. Namjua, milingoti yake mingi nimeiburuta mimi hadi mtoni. Kalizunguka gogo. Kaona limepungua.

"Zadok, kipande kiko wapi?"

Nikampeleka bandani. Akavua kofia, akasimama. Halafu akatoa kijiti chake cha kupimia, akakilaza pale juu ya kifuniko. Thelathini na moja. Akasema ubao huu ni wa Mfalme.

"Aje aufungue mwenyewe," Jotham kasema. "Dada yangu ana maneno ya kumwambia."

Nikajua tumekwisha. Tredick akakohoa. Nadhani ilikuwa kicheko.

Kasema jeneza hafungui leo. Saini ikija, mti wetu, ubao wetu, basi. Meli ikija bila saini, anakuja na nyundo, anauchukua ubao na mimi pia. "Ila aliyekwishazikwa sifukui. Sina amri hiyo, wala siitaki."

Kwa hiyo mimi jela inawezekana. Yeye je, atabaki na ubao wake? Inategemea kipi kitakuja kwanza, meli au udongo laini. Nikamwuliza lini. Kasema yeye si hali ya hewa.

Akageukia gogo. Liwe la Mfalme, liwe langu, lazima lifike mtoni theluji ikiwepo, likibaki linaoza. Nani wa kuliburuta? Akanitazama. Jotham pia. Hata maksai.

Barabarani nataka baridi. Bandani nataka joto. Sijui niombe nini.

Jioni hii nimetoka na sururu. Imeruka. Lakini paa la banda linadondosha maji, na jana halikuwa linadondosha. Nimesimama nasikiliza. Jotham kalala na viatu, kasema yuko tayari kuchimba.

Kesho narudi kazini, kuliburuta gogo hadi mtoni.