Makaa Chini ya Mawe ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma,
Tarehe 9 Septemba.

Mpendwa Dada,

Nisamehe. Barua yako ya mwezi wa tano ilifika, nikaisoma mara nne, nikaiweka chini ya cherehani nikisema nitajibu kesho. Kesho hiyo imekuwa miezi minne. Sikukusahau. Nilikuwa na jambo la kukuambia, ila sikuwa na uso wa kulisema.

Mgongo wako unaendeleaje? Na Shemeji, kile kikohozi kimekwisha? Sisi wazima. Kifunguamimba wangu ameanza kusoma, anasoma mpaka mifuko ya unga. Huyu mdogo anaota meno, anang'ata kila kitu pamoja na mama yake. Shemeji yako bado yuko kwenye mashine ya kusaga, anarudi mweupe utadhani kafufuka. Mimi na usingizi tuliachana bila talaka.

Sasa jambo lenyewe. Unaukumbuka ua wa michongoma niliokusifia? Miaka mitatu iliyopita Kaka alikuja na kamba na miche arobaini. Alisema tuzibe, watoto wangu wasije wakakimbilia barabarani. Akaivuta kamba kutoka getini mpaka karibu na mlango wangu, akaniambia, "Wewe si fundi? Haya, tushonee na ua." Nikacheka, nikapanda. Nikaumwagilia kwa maji ya kuogeshea mtoto.

Sikupima, Dada. Mimi ninayepima kiuno cha mtu mara mbili kabla ya kushika mkasi, sikupima. Ua ule umeingia hatua tisa ndani ya sehemu yako. Kisima kimebaki upande wa Kaka, na njia yangu ya kutokea barabarani pia. Mawe ya mpaka ya marehemu Baba nimeyakuta yamepangwa chini ya ua, yametulia, kama vile Baba mwenyewe ndiye aliyeyaweka pale.

Mwezi wa sita Kaka alituita akasema wakati wa kugawana umefika, kila mtu apate hati yake. Mpima wa ardhi anakuja tarehe mbili Oktoba. Nimekwenda mwenyewe kuuliza ofisini. Karani aliniambia watafuata mpaka unaoonekana, isipokuwa mwenye haki apinge na aonyeshe ushahidi. Nami nakwambia, ua wa miaka mitatu unaonekana vizuri sana. Siku ile Kaka alipotuita, nilikutaja wewe. Kaka akajibu, "Huyo kashaota mizizi huko aliko. Na wewe una mume, unataka ardhi mbili?"

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Hasira ilinipanda, nikamwambia mbele ya watu, "Mawe umeyasogeza, lakini makaa ya Baba hujui yaliko!"

Akatabasamu tu.

Ulinisimulia wewe mwenyewe, kwamba Baba alikuwa na tabia yake ya kiuashi: kabla hajaweka jiwe la mpaka, huzika makaa chini yake, kwa sababu jiwe hutembea na makaa hayaozi. Siku hiyo Kaka alitumwa maji, wewe ukashika karai la makaa, na mimi nilikuwa mgongoni mwako. Kwa hiyo mimi ni shahidi aliyelala. Shahidi aliye macho ni wewe peke yako.

Kesho yake asubuhi alikuja mchimba vyoo. Akachimba shimo karibu na geti, Kaka akasimama juu yake akichungulia. Jioni likafukiwa. Siku ya pili, shimo jingine, hatua chache pembeni. Likafukiwa. Nilimpa yule mchimbaji maji ya kunywa, akaninong'oneza, "Mama, miaka kumi nachimba vyoo. Sijaona choo kinachofukiwa hata hakijatumika."

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Safari hii jembe kalichukua ndugu mwenyewe.

Mashimo yakaendelea hivyo tangu mwezi huo wa sita. Jumanne iliyopita nilikuwa naanika nguo. Nikageuka, nikamwona mdogo amekaa kwenye udongo uliotolewa kwenye shimo jipya katikati ya kiwanja, mdomo mweusi, mikono myeusi, anatafuna. Nikamtoa kinywani kipande cha makaa. Nilipofika kwenye shimo, lilikuwa limeshasafishwa, makaa yote yameondolewa. Kipande hicho kimoja ndicho nilichookoa, nimekifunga kwenye kitambaa, nakivaa kiunoni.

Tangu siku hiyo Kaka amekuwa mwema, na wema wake ndio unaoniogopesha. Analeta sukari. Anawabeba watoto. Jana alisimama mlangoni pangu, akakanyagakanyaga kizingiti kwa kisigino, akasema, "Hiki kimepasuka. Jumatatu namleta fundi akivunje, aweke kipya. Sitaki mumeo apate gharama."

Dada, kizingiti changu hakijapasuka popote.

Shangazi anakusalimu. Siku hizi akija hapa hakai, husalimu akiwa amesimama. Nisalimie Shemeji, na wanangu wote wawili. Waambie mama yao mdogo bado ana mkasi wake. Mungu akuweke, na atufungulie njia kabla hatujafungiwa.

Usinitumie fedha. Vitu ninavyohitaji ni hivi, na vifike kabla ya tarehe mbili:

Barua ya kunipa mamlaka ya kusimama badala yako, iliyogongwa muhuri na wakili. Sahihi yako iwe ileile ya kwenye kitambulisho, na nakala ya kitambulisho chenyewe.

Ile picha ya Baba ameegemea jiwe la getini, usiikunje.

Maelezo kwa mkono wako: mawe yalikuwa mangapi, na kila moja hatua ngapi kutoka wapi. Hesabu kwa hatua za Baba, siyo zako.

La mwisho utume kwa simu ya jirani siku hiyohiyo uisomapo barua hii, usingoje posta. Chumba hiki Baba alikijenga baadaye, mawe yakiwa yameshawekwa. Niambie kama makaa ya mwisho yako chini ya kizingiti changu. Neno moja tu, ndiyo au hapana.

Cherehani nimeshaihamishia mlangoni. Nashona nikiwa nimekaa juu ya kizingiti.

Ndimi niliyelala mgongoni mwako, na sasa silali,
Mdogo wako akupendaye.