Ndondocha wa Bi Somoe

Jumatatu, 6 Septemba 1971
Nimepalilia tangu asubuhi. Mikorosho mitano tu. Mgongo hauna hali. Ng'ambo ya njia shamba la Bi Somoe ni jeupe, limefagiliwa kama uwanja wa msikiti. Mjane, peke yake. Mimi mwalimu mstaafu, mwanamume mzima, magugu yananifika kiunoni. Namwonea wivu. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 9 Septemba
Barazani wamemsifu tena. Nikachoka. Nikasema mtu mmoja hawezi kazi ile, lazima anao ndondocha, wafu wa kulimishwa usiku. Nilidhani watacheka. Hawakucheka.

Jumapili, 19 Septemba
Neno limeenea kijiji kizima cha Ziwani. Akifika kisimani, wenzake wanaondoka. Jana aliita watu wamwezekee paa. Akapika, akangoja. Hakwenda mtu. Nilimwona akiwamwagia kuku chakula. Nilifurahi, kisha nikajichukia. Ningeweza kusema ni uongo wangu. Sikusema.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimeanguka kutoka mkoroshoni. Goti limevimba. Korosho zinadondoka ndani ya magugu. Moto wa porini ukipita, sina shamba. Watoto wako mbali.

Jumatatu, 11 Oktoba
Nimejikongoja hadi shambani. Nusu imepaliliwa! Korosho zimerundikwa chini ya kila mti. Nani?

Alhamisi, 14 Oktoba
Watu wameona. Sasa mwenye ndondocha ni mimi. Leo hakuna aliyeniamkia. Wanataka nihame. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Naogopa.

Ijumaa, 15 Oktoba
Baada ya sala walinizunguka. Nikaapa simjui anayelima. Wakaguna. Bi Somoe akaja, jembe begani.

"Ndondocha wa Mwalimu ni mie. Nalima alfajiri, nisimwaibishe mgonjwa. Haya, nishikeni mwone kama nimekufa."

Hakuna aliyemgusa. Nikasema mbele yao kwamba neno lile lilianzia kinywani mwangu.

"Nalijua tangu wiki ile, Mwalimu," akasema, akaenda zake. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumapili, 17 Oktoba
Nimeshinda uani kwake, goti nimelinyoosha, nafunga makuti. Mbali nami, mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kuezeka. Wengine wamepita njiani, macho chini. Bi Somoe alikuwa amepika tena chakula cha watu ishirini. Tumekula watatu.