Mwaka Sifuri na Makambako

Jumanne usiku

Nilidhani leo nimewaweza. Darasa la tano walikuwa wamegoma kuelewa kwa nini miaka ya Kabla ya Kristo inahesabiwa ikipungua. Nikawaambia ni kama safari ya kutoka Njombe: kilomita zinapungua hadi Makambako, ukiipita kwenda Iringa unaanza kuhesabu upya, zikiongezeka. Wakaelewa. Nikavimba kichwa.

Basi Tumaini, binti mpole wa dawati la mbele, akauliza, “Mwalimu, mwaka sifuri ni upi?”

Nikamjibu haupo.

“Kwa hiyo Makambako haipo?”

Wakacheka wote, maana wanajua kwetu ni huko. Kengele ikaniokoa, lakini kesho atauliza tena.

Jioni mama kapiga simu kutoka Makambako. Sikuthubutu kumwambia kuwa mji wake nimeufuta leo asubuhi, mbele ya watoto.