Walisema Damu Yangu Iko Safi

Noonkopir, Kitengela
4 Machi 2007

Binti yangu Halimo,

Asalaam aleikum. Huku tuko wazima, mvua ndio bado. Wewe na baridi ya Uswidi mnaendeleaje? Na kazi ya unesi?

Juzi kwa soko la ng'ombe la Kajiado ndume mmoja wa jirani yetu Metito alinirusha nikagonga nguzo na kichwa. Nilizimia kidogo tu. Ndugu yako Abdijabar akanipeleka kliniki ya hapa karibu. Wakanitoa damu, wakasema iko safi. Niko na maumivu kidogo ya kichwa. Usiwe na wasiwasi.

Aabo yako,
Khalif

Göteborg, Uswidi
20 Machi 2007

Aabo mpendwa,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima. Pole sana.

Nimempigia Abdijabar. Anasema hiyo damu ilipimwa malaria. Aabo, malaria haisemi lolote kuhusu kichwa!

Hapa kwetu kwa idara ya dharura, mtu akigongwa kichwa kidogo siku hizi tunajaribu kumpima damu kwa njia nyingine. Ubongo ukiumia, kuna kitu hutoka huko kikaingia kwa damu. Kikiwa chini, anaenda nyumbani bila kupigwa picha ya kichwa. Kikiwa juu, anapigwa picha. Lakini hicho ni kipimo cha saa za kwanza, kwako wakati umepita. Imebaki picha. Tafadhali nenda Nairobi. Mtu wa umri wako anaweza kuvuja damu ndani ya kichwa polepole kwa wiki nyingi.

Binti yako,
Halimo

Noonkopir
8 Aprili 2007

Halimo,

Asalaam aleikum. Uko salama? Barua imefika. Nairobi nikafanye nini? Maumivu yamepungua. Mguu wa kushoto ndio mzito, ni uzee.

Mama yako anasema unatujaza hofu bure. Ameenda kwa jirani Soila kuleta maziwa, akirudi tunywe chai. Anakusalimia sana.

Aabo yako

Göteborg
17 Aprili 2007

Aabo,

Nisamehe, leo sitauliza habari. Mama tulimzika miaka minane iliyopita.

Nimempigia Abdijabar. Anasema umekuwa ukisahausahau, akadhani ni uzee. Nimemwambia akupeleke Nairobi leo, asingoje kesho. Barua hii utaisoma ukitoka hospitali. Ukiweza kushika kalamu, niandikie.

Binti yako,
Halimo

Noonkopir
29 Mei 2007

Mwanangu Halimo,

Amani iwe kwako. Usicheke mwandiko, vidole bado vinatetemeka.

Picha ilionyesha damu imekandamiza ubongo. Daktari alinitoboa fuvu mahali pawili, akaitoa. Alisema tungechelewa kidogo tu, ningekufa. Mguu umepata nguvu. Sokoni sijarudi.

Nilipoamka nilimuuliza Abdijabar, "Mama yenu mbona hajakuja kuniona?" Akaniambia. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaita nesi. Kwangu mimi, mama yenu Muno alikuwa amekufa asubuhi hiyo.

Jana nilitembea mwenyewe mpaka kaburini. Sasa nakumbuka yote, hata matope ya siku ile tulipomzika. Inauma, mwanangu, lakini afadhali hivi.

Aabo yako,
Khalif